Cleopatra: jukwaa la Uingereza lilimpa kifo, likamnyang'anya kazi

Huko Berlin kuna hati ya mafunjo ya mwaka 33 KK ambayo isingemvutia mtu yeyote kama si neno moja lililoandikwa chini yake. Ni hati ya kodi. Inampa mkubwa mmoja wa Kirumi ruhusa ya kutoa Misri artaba 10,000 (artaba ni kipimo cha nafaka cha Misri) za ngano kila mwaka na kuingiza mitungi 5,000 ya mvinyo wa kisiwa cha Kos bila kulipa ushuru. Mashamba yake yaliyoko Misri nayo yamesamehewa kodi. Karani ameandika yote hayo kwa utulivu, kisha mkono mwingine umeongeza neno moja la Kigiriki, jinsi bosi anavyoandika "itekelezwe" kwenye faili na kulisukuma upande wa pili wa meza. Baadhi ya wataalamu wa mafunjo wanaamini mkono huo ni wa Cleopatra mwenyewe, malkia wa Misri. Wengine wanabisha. Hata kama ni wa mtu wa ofisini kwake, amri ilikuwa yake.

Mrumi mwenyewe ni nani? Usomaji unaokubaliwa na wengi ni Publius Canidius, jemadari wa Mark Antony, mkuu wa Kirumi aliyekuwa mpenzi na mshirika wa Cleopatra. Hapo msomaji wa Shakespeare lazima ainue kichwa, maana Canidius anamfahamu. Yumo katika tamthilia ya *Antony and Cleopatra*: anaongoza jeshi la nchi kavu kule Actium, anazungumza mistari michache ya kulalamika kwamba wakubwa wao wanaongozwa na wanawake, na vita vinapoharibika anatangaza kwamba anakwenda kujisalimisha, yeye na askari wake, kwa Octavian, mpinzani wa Antony. Habari za ngano na mvinyo hazimo. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki ambaye Shakespeare alichota kwake karibu kila kitu, anasimulia jambo lililo karibu zaidi na hati ile. Anasema washauri wa Antony walitaka Cleopatra arudishwe Misri kabla ya vita, naye akamhonga Canidius ili amtetee. Hoja za Canidius zilikuwa za kiserikali kabisa: si haki kumfukuza mwanamke anayegharimia vita kwa kiasi kile, mabaharia wa Misri watavunjika moyo, na tena yeye haoni ni mfalme gani kati ya wale walioambatana nao anayemzidi akili mtu aliyetawala nchi kubwa namna ile peke yake kwa muda mrefu.

Naamini hapo ndipo Cleopatra wa kweli anapoonekana. Plutarch huyohuyo anahesabu mchango wake: merikebu 200, talanta 20,000, na chakula cha jeshi zima. Lakini jukwaa la Uingereza, kuanzia mwisho wa karne ya 16, limemvua kazi hiyo kipande kwa kipande, mpaka akabaki mwanamke mrembo mwenye nyoka kifuani.

Jina lenyewe si la Kimisri. Ni la Kigiriki, na lilikuwa na wenyewe wengi kabla yake. Katika kitabu cha tisa cha *Iliad*, utenzi wa kale wa Kigiriki, Cleopatra ni mke wa Meleager, na ndiye anayemwinua mumewe aliyesusa vita kwa kumweleza yanayowapata watu mji wao ukitekwa. Baadaye Makedonia ikalichukua jina hilo likawa la nyumba ya kifalme. Dada yake Alexander Mkuu aliitwa Cleopatra, na ni katika harusi yake mwaka 336 KK, mjini Aegae, ndipo baba yao Philip II alipochomwa kisu na kufa. Mke wa mwisho wa Philip naye alikuwa Cleopatra. Yule dada, baada ya Alexander kufa, aligombewa na majemadari kwa sababu aliyemwoa angepata haki ya kusogelea kiti cha ufalme. Aliuawa Sardis mwaka 308 KK akijaribu kwenda kuolewa na Ptolemy wa Misri.

Misri ilipata Cleopatra wake wa kwanza kutoka Syria: binti wa Antiochus III, aliyeozwa kwa Ptolemy V mwaka 193 KK katika ndoa ya kupatanisha falme mbili. Mumewe alipofariki alishika nchi kwa niaba ya mwanawe mdogo. Kutoka kwake jina likarithishwa kama muhuri. Wanahistoria wa leo wanawahesabu mpaka wa saba, ambaye ndiye huyu wetu, ingawa namba hizo tumewapa sisi. Wao wenyewe walitofautishwa kwa lakabu. Kwao Cleopatra lilikuwa jina la kazini. Mtoto wa kike aliyepewa jina hilo alikuwa ameandaliwa kutawala, au kumtawala atakayemwoa. Syria nako alikuwapo Cleopatra Thea, aliyeolewa na wafalme watatu mmoja baada ya mwingine na kutoa sarafu zenye sura yake peke yake, kisha akalazimishwa na mwanawe kunywa sumu aliyokuwa amemwandalia.

Huyo Thea ana kisa kizuri kwa wapenzi wa tamthilia. Mfaransa Corneille alipomtungia mchezo katika miaka ya 1640, aliuita *Rodogune*, jina la mhusika mwingine, na akaeleza wazi sababu: hakuthubutu hata kulitaja jina la malkia huyo ndani ya beti zake, asije mtazamaji akamchanganya na yule wa Misri. Kufikia wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amewameza wenzake wote.

Aliwamezaje? Kazi ya kwanza waliifanya Warumi. Octavian alipotaka vita na Antony mwaka 32 KK, hakutangaza vita dhidi ya Mrumi mwenzake, alitangaza dhidi ya Cleopatra. Ilikuwa rahisi kuuza vita kwa kumtaja malkia mgeni. Cicero, mwanasiasa wa Roma, naye alikuwa amekwisha kuandika katika barua, mwezi wa Juni mwaka 44 KK, maneno mawili ya Kilatini yasiyohitaji ufafanuzi: namchukia malkia. Kinachosahauliwa ni kwamba chuki ya Cicero ilitokana pia na ahadi ya zawadi za kisomi ambazo hazikumfikia. Na barua hiyo inatukumbusha kwamba Cleopatra alikuwa Roma Caesar alipouawa mwezi wa Machi mwaka huo, akikaa katika nyumba ya Caesar ng'ambo ya mto Tiber. Walioisoma *Juliasi Kaizari* kwa Kiswahili cha Nyerere, tafsiri iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, hawatamkuta humo, na kosa si la Mwalimu. Shakespeare mwenyewe, alipoandika mchezo ule mwaka 1599, alimwacha nje. Mji mzima unabishana kama Caesar anataka kuwa mfalme, na malkia halisi, aliyemzaa mtoto anayesema ni wa Caesar, yuko umbali wa daraja moja tu. Nadhani Shakespeare alijua akimwingiza atauteka mchezo.

Kwa Waingereza wa enzi ile, kumweka malkia jukwaani hakukuwa mchezo. Elizabeth alikuwa kwenye kiti, hana mume, na watu wa baraza lake walikuwa wakigombea kusikilizwa naye. Fulke Greville, mwungwana wa ikulu, alikuwa ameandika tamthilia juu ya Antony na Cleopatra. Earl wa Essex, kipenzi wa malkia, alipoasi na kukatwa kichwa mwaka 1601, Greville aliutia mswada wake motoni. Anaeleza mwenyewe kwamba aliogopa watu wangeona mle watu wa zama zao. Tumepoteza mchezo, lakini tumebaki na ushahidi: mwaka 1601 jina Cleopatra jijini London lilikuwa neno la siasa, la kumpeleka mtu pabaya.

Ndiyo maana tamthilia za kwanza za Kiingereza zilizomhusu zilikuwa za kusomwa majumbani. Mary Sidney, Countess wa Pembroke, alitafsiri mchezo wa Mfaransa Garnier ukachapishwa mwaka 1592. Samuel Daniel akaufuatishia *Cleopatra* yake mwaka 1594. Daniel hatajwi sana siku hizi, na kweli beti zake ni za polepole, lakini alifanya jambo ambalo wakubwa waliomfuata hawakulifanya. Alianza hadithi baada ya Antony kufa. Mwanamume hayupo, kwa hiyo linalobaki ni swali la mtawala aliyeshindwa: nchi inakwenda kwa nani, na watoto watafanywa nini. Mwalimu wa Caesarion, yule mtoto aliyesemwa ni wa Caesar, anasimulia kwa kirefu jinsi mama alivyomuaga mwanawe akimtuma mbali. Ni jambo la historia. Plutarch anasema alimpeleka na mali nyingi kuelekea India kupitia Ethiopia, yaani kwa njia ya Bahari ya Shamu na pepo za msimu, njia ambayo mtu wa pwani yetu hahitaji kuchorewa ramani. Kijana alidanganywa akarudi, na Octavian akamuua.

Shakespeare alimfikia mwaka 1606 au 1607 hivi, Elizabeth akiwa kaburini na mfalme mwanamume akiwa kwenye kiti. Sasa ilikuwa salama. Hapa sitajifanya: huyu ndiye Cleopatra mkubwa kuliko wote, na sehemu ya ukubwa wake ni kwamba bado ana kazi. Wanapomkataza asiende Actium, anajibu kwamba gharama za vita ziko juu yake, na kwamba yeye kama mkuu wa ufalme wake atasimama pale kama mwanamume. Anampiga mjumbe, ndiyo, lakini anataka habari kamili kutoka kwake: Octavia, mke mpya wa Antony, ana kimo gani, sauti yake ikoje, umri wake. Ni mtawala anayekusanya taarifa za mshindani.

Hata hivyo, Shakespeare naye ndiye aliyeanza kufuta. Chukua lile jahazi maarufu la mto Cydnus, tanga la zambarau, makasia ya fedha, upepo unaougua kwa mapenzi. Karibu kila pambo limo katika tafsiri ya Plutarch ya Thomas North ya mwaka 1579. Shakespeare aliitia nathari ile katika mizani ya shairi, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo vizuri zaidi. Lakini Plutarch anasema pia kwa nini jahazi lilikwenda Tarso. Cleopatra alikuwa ameitwa kujibu mashtaka: alidaiwa kumpa Cassius, mmoja wa waliomuua Caesar, fedha za kupigana na kundi la Antony. Lile jahazi lilikuwa utetezi. Mtu aliyeitwa kama mshtakiwa aliingia kwa namna ambayo ilimwacha hakimu peke yake uwanjani, ameketi kwenye kiti chake, watu wote wamekimbilia mtoni. Shakespeare alituachia hakimu mpweke sokoni, akaondoa wito. Kwa hiyo kila mwanafunzi anajua manukato ya lile jahazi, na wachache wanajua kwamba lilikuwa linakwenda kwenye kesi.

Tusisahau pia nani alikuwa akisema maneno hayo. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye majukwaa ya London. Cleopatra alikuwa kijana wa kiume mwenye gauni. Katika sehemu ya mwisho anasema hataki kupelekwa Roma akamwone kijana fulani wa sauti nyembamba akiuigiza ukuu wake kwa mikao ya kahaba. Aliyekuwa akisema hivyo ni kijana wa sauti nyembamba. Shakespeare alikuwa na uhakika gani na mwigizaji wake, hata amwachie mstari ambao kicheko kimoja cha watazamaji wa sakafuni kingeuvunja? Sijui mstari mwingine wa tamthilia ya Kiingereza wenye ujasiri wa namna hiyo.

Halafu akaja Dryden. Mwaka 1677, wanawake wakiwa tayari jukwaani, alitoa *All for Love*, akasogeza mambo yote katika siku ya mwisho mjini Aleksandria na kumleta Octavia na binti zake wawili kumkabili hawara wa mumewe uso kwa uso, mkutano ambao haukutokea kamwe. Ni mchezo uliosukwa vizuri, sitaki kuubeza. Lakini Cleopatra wake anasema, bila kejeli, kwamba maumbile yalimkusudia awe mke tu, njiwa wa nyumbani asiye na hila, na kwamba bahati ndiyo iliyomharibia. Huyu ndiye mtu aliyewaondoa ndugu zake wote waliogombea kiti! Mwandishi amechukua vita vya madola mawili akavifanya ugomvi wa ndoa. Na London ilipenda. Kwa karibu karne nzima mchezo wa Dryden ndio ulioigizwa, wa Shakespeare ukabaki rafuni. Mwigizaji David Garrick alipojaribu kuurudisha mwaka 1759 ulichezwa mara 6 tu.

George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia, nina ugomvi naye zaidi, kwa sababu alikuwa mtetezi wa haki za wanawake na alipaswa kujua. Katika *Caesar and Cleopatra*, aliyoiandika mwaka 1898, Caesar anamkuta Cleopatra usiku amejificha kwenye makucha ya Sphinx, msichana wa miaka 16 anayeogopa Warumi watamla na anayemtetemekea yaya wake. Mzee anamfundisha jinsi ya kukaa kama malkia. Ukweli ni kwamba mwaka 48 KK alikuwa na miaka kama 21, alikuwa amekalia kiti tangu mwaka 51, baadhi ya hati za mwanzo wa utawala wake zinamtaja yeye bila mdogo wake aliyetawala naye, na wakati Caesar anatua alikuwa amefukuzwa mjini naye amerudi mpakani na jeshi alilolikusanya mwenyewe. Aliingia ikulu ndani ya mfuko wa matandiko, amebebwa na Apollodorus wa Sisilia. Zulia la kukunjua ni pambo la baadaye, nalo limo kwa Shaw.

Kwa nini amfanye mtoto? Waingereza walikuwa wameikalia Misri tangu mwaka 1882, na mwaka uleule wa 1898 jeshi lao na la Misri lilikuwa limetoka kushinda Omdurman, Sudan. Mkoloni mwenye busara anayewafundisha Wamisri kujitawala ilikuwa hadithi ya magazeti ya kila siku. Shaw alikuwa akiwacheka Waingereza, hilo nakubali. Caesar wake ana mtumwa wa Kiingereza aitwaye Britannus wa kuchekesha kwelikweli. Ila kichekesho hakikumfikia Cleopatra. Kwake yeye Shaw aliacha mambo kama gavana yeyote angependa yawe, na kwa kuwa mwalimu hawezi kuzaa na mwanafunzi, Caesarion hayumo.

Mwaka 1951 waigizaji Vivien Leigh na Laurence Olivier walicheza michezo yote miwili kwa zamu London, usiku mmoja Shaw, usiku mwingine Shakespeare. Wazo lilikuwa kwamba msichana wa Shaw anakua kuwa mwanamke wa Shakespeare. Kwa maoni yangu hawaungani hata kidogo. Wa kwanza alifundishwa kila kitu na mwanamume, wa pili hakuna aliyemfundisha chochote.

Siku hizi ugomvi umehamia kwenye rangi. Mwaka 2023, kipindi kimoja cha mtandaoni kilipomtumia mwigizaji mweusi, Misri iliwaka, na mitandaoni kwetu nako watu walirushiana maneno wiki nzima. Yanayojulikana ni machache: ukoo wa baba ulikuwa wa Makedonia, na mama yake hatajwi kwa uhakika katika maandishi yaliyobaki. Shakespeare, bila kuwa na ushahidi wowote, alimwita mwenye ngozi ya kahawia na kumfanya aseme kwamba jua limemfinya hadi akawa mweusi. Mimi nauona mjadala huu kuwa mtoto wa jukwaa lilelile: bado tunamtazama uso. Plutarch, ambaye babu yake alisikia habari za karamu za Antony kutoka kwa mtu aliyekuwapo, anasema uzuri wake haukuwa wa ajabu. Kilichovuta ni mazungumzo, na sauti iliyokuwa kama chombo cha nyuzi nyingi. Anasema mara chache alihitaji mkalimani, alijibu mwenyewe Waethiopia, watu wa pwani ya Afrika ya Bahari ya Shamu, Waebrania, Waarabu, Washami, Wamedi na Waparthi. Wafalme waliomtangulia hawakujisumbua hata kujifunza Kimisri. Kama tunataka kumdai kuwa wetu, sioni hoja yenye nguvu kuliko hiyo: alikuwa mtawala wa kwanza wa nasaba yake aliyeweza kuzungumza na raia.

Kuna sehemu moja katika Shakespeare ambayo waongozaji wengine huikata, wakiona inachelewesha kifo. Octavian ameshinda na amekuja kumwona mateka wake. Cleopatra anampa orodha ya mali: fedha, vyombo, vito. Anamwita mhazini wake Seleucus athibitishe, na Seleucus anamgeuka, anasema alichoficha kinatosha kununua alichokitaja. Cleopatra anamrukia kwa matusi, anajitetea kwamba ameweka kando vitu vidogo vya kike vya kuwazawadia Livia, mke wa Octavian, na Octavia. Octavian anamwambia asione haya. Kwa mtazamaji ni aibu tupu: malkia amekamatwa akiiba hazina iliyokuwa yake. Lakini Plutarch anaongeza kwamba Octavian alitoka mle akiamini amemdanganya, kumbe yeye ndiye aliyedanganywa. Mtu anayeficha vito bado anataka kuishi, na mtu anayetaka kuishi halindwi sana. Octavian anapotoka tu, Cleopatra anawageukia wasichana wake: ananibembeleza kwa maneno huyu. Anamnong'oneza Charmian, na anapomhimiza aende haraka tunasikia kwamba agizo alikwisha kulitoa zamani na kila kitu kiko tayari. Kikapu cha tini, chenye nyoka ndani, kilikuwa njiani wakati yeye anabishana juu ya orodha.

Ukiikata sehemu hiyo, anayekufa ni mpenzi aliyevunjika moyo. Ukiiacha, unamwona mtawala akifanya hesabu yake ya mwisho mbele ya adui, na adui akiisaini bila kuisoma.